Laini Iliyobaki kwa Dada

Wiki iliyopita, msomaji wangu, tulimwacha Chapuchapu amesimama mbele ya dirisha la ushirika wa akiba, mumewe pembeni yake, na karani ametoka kutamka maneno ambayo hakuna mwenye akiba anayetaka kuyasikia: "Akaunti hii haina kitu."

"Angalia tena," mumewe alisema.

Karani aliangalia tena. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na hakuwa na haraka. "Zilitolewa Jumatatu mchana, kwa simu. Namba ya kuthibitisha ilitumwa kwenye laini ya mama, ikajibiwa sawasawa. Hapa kwetu hakuna kosa."

"Laini ya mama," mume akarudia.

Wote wawili wakamgeukia Chapuchapu.

Na hapo ndipo mwanamke huyu alipojimaliza mwenyewe. Kabla hajafikiri, kabla hajajiuliza Jumatatu mchana alikuwa wapi, mdomo wake ulifanya kile ulichozoea kufanya tangu utotoni kila macho ya watu yalipomgeukia.

"Nisamehe," alisema.

Neno moja tu. Mumewe hakupaza sauti. Alichukua vitambulisho vyao pale dirishani, akavifuta kwenye shati kana kwamba vilikuwa na vumbi, akatoka nje.

Kwa wale waliochelewa kujiunga nasi: jina la Chapuchapu hakupewa kwa ubaya. Ni fundi cherehani ambaye kitambaa cha sare kikiingia asubuhi, sketi inatoka kabla chai haijapoa. Ila mkono ule ule wenye kasi kwenye cherehani ulikuwa na kasi hiyo hiyo kwenye kutoa pesa. Akiona kitu kikamwingia, viganja hupata joto. Kelele zote za dunia hunyamaza. Kitu kile hubaki peke yake kikiwaka kama taa, na yeye hana pengine pa kutazama.

Akishakilipia, taa huzimika, mara nyingi kabla hajafika nyumbani.

Ndivyo alivyonunua mashine ya kutotolesha mayai, na hawafugi hata kuku. Ndivyo alivyonunua gitaa. Ndivyo alivyokopa huku akalipe kule, mpaka siku moja vyombo vyao vikatolewa nje mvua ikinyesha, na binti yao akapelekwa kwa bibi yake mzaa baba, "kwa muda tu".

Muda tu huo sasa ulikuwa umeota mizizi.

Daktari wa kliniki ndiye aliyewapa maneno ya kwanza yasiyokuwa matusi. Alisema huyu mama hafanyi makusudi, na wala akili yake si mbovu. Amezaliwa na ubongo ambao breki zake hushika kwa kuchelewa. "Sasa kama breki zinachelewa," alisema, "wekeni matuta barabarani."

Wakaweka matuta. Chochote Chapuchapu anachokitamani, alale nacho kwanza. Kikiamka naye, alale nacho tena. Njia ya sokoni akaihama, akawa anazunguka nyuma ya karakana ambako hakuna cha kununua ila vyuma chakavu. Mfukoni, nauli tu. Mkopo, hata wa kiberiti, hapana. Wakahamia chumba kimoja. Nguo ikichanika inashonwa, ikichanika tena inakuwa foronya, foronya ikichoka inadeki sakafu. Mumewe, ambaye ni fundi umeme, alitengeneza pasi yao mpaka ikabaki jina tu la pasi.

Na tuta kubwa kuliko yote alilipendekeza Chapuchapu mwenyewe. Simu yake yenye laini ya pesa, pamoja na namba yake ya siri, alikwenda kumkabidhi dada yake.

"Nikiililia, usinipe," alimwambia siku ile. "Hata nikikuambia nakufa."

"Hata ukifa," Dada alimjibu, na wote wakacheka.

Matuta yakafanya kazi. Pesa iliyokuwa ikivuja ikaanza kukaa. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuitoa akiba, wakalipie vyumba viwili, na kesho wakamchukue mtoto.

Sasa turudi barabarani.

* * *

"Umenunua nini?" mumewe aliuliza. Alikuwa ameegemea ukuta wa ushirika, bisibisi ya kupimia umeme imechomoza mfukoni mwa shati, na hakuwa akimtazama.

"Sijui."

"Hujui ulichonunua."

"Sikumbuki kununua kitu."

"Jumatatu ulikwenda kwa dada yako."

"Nilikwenda. Nilimpelekea gauni lake."

"Simu ulishika?"

Alishika. Alikumbuka vizuri kwamba aliishika, kule chumba cha nyuma cha duka la Dada, akampigia binti yao wakaongea habari za vyumba vipya. Baada ya hapo alifanya nini? Alijaribu kukumbuka, na kadiri alivyovuta ndivyo Jumatatu ile ilivyozidi kuteleza. Alikwishawahi kuletewa kifurushi mlangoni akabishana na mleta mzigo kwamba si chake, mpaka akaonyeshwa jina lake juu ya karatasi. Kwa mtu wa namna hiyo, kutokukumbuka hakumtetei mbele ya yeyote. Hata mbele yake mwenyewe.

"Niambie kuna mtu kachukua," mumewe alisema, na sauti yake sasa ilikuwa karibu kuomba. "Niambie ni mwizi. Nitamtafuta, na leo hatalala kwake, atalala kituoni. Awe nani awe nani. Wewe niambie tu kwamba si wewe."

Chapuchapu alifungua mdomo. Alitamani kulisema neno hilo kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote kwenye rafu ya duka lolote.

"Sina hakika," alisema.

Mumewe akatikisa kichwa polepole, akatoa simu yake, akapiga kwa mama yake. Walisalimiana. Aliuliza hali. Halafu akasema, "Nipe mtoto," na mtoto alipopokea, mwanamume yule aliyezoea kushika nyaya zenye moto alishindwa. Akamwekea mkewe simu mkononi.

"Mwambie wewe."

"Mama," sauti ya binti ilikuwa juu, "begi nimeshafunga. Bibi anasema nimepanga ovyo, lakini zipu imefika mwisho. Mama, chumba changu kina dirisha?"

"Kina dirisha."

"Linaangalia wapi?"

"Linaangalia barabarani, mwanangu." Chapuchapu aligeukia ukuta. "Sikiliza. Kesho hatutakuja."

"Keshokutwa?"

"Wala keshokutwa."

Kwa mbali zilisikika sahani za bibi zikioshwa. Kisha binti akauliza, taratibu, bila lawama, kama mtu anayeuliza kama nje kunanyesha:

"Umenunua kitu?"

Mumewe alisikia. Simu ile sauti yake ilikuwa kubwa, na alikuwa hajasogea mbali. Akafunika macho kwa kiganja.

"Nitakupigia, mama yangu," Chapuchapu alimwambia binti yake.

Mumewe akachukua simu yake. "Nakwenda kazini. Kuna nyumba inasubiri nivute nyaya."

"Utarudi kula?"

"Sijui."

Katika maisha yao ya ndoa walikuwa wamegombana kwa kila aina ya maneno, na mengine siwezi kuyaandika gazetini. Lakini "sijui" kwa swali hilo ilikuwa mara ya kwanza.

* * *

Chapuchapu alitembea bila kuangalia aendako, na alipozinduka alikuwa kwenye njia ya sokoni, ile aliyoihama.

Kitanda kilikuwa nje ya karakana ya seremala. Kitanda cha mtoto, cha mbao, kimepakwa rangi ya buluu, na kwenye ubao wa kichwani seremala alikuwa amechonga ua dogo.

Viganja vikapata joto.

Kelele za soko zikazimwa, moja baada ya nyingine. Wapiga debe, mkokoteni, redio ya muuza mitumba. Kikabaki kitanda. Na kitanda kikaanza kuongea kwa akili kabisa, maana vitu vya namna hii haviongei upuuzi. Kilisema: mtoto akishakuwa na kitanda, lazima aje. Ukishakuwa na kitanda, vyumba vitajipata. Nani atamnyima mtoto mwenye kitanda chake pa kukiweka?

Ndani ya blauzi alikuwa na pesa za mteja, za kununulia kitambaa cha sare. Kabla hajajua, vidole vilikuwa tayari ndani.

"Karibu, mama," seremala alisema, akipangusa vumbi la mbao usoni. "Weka chochote ulichonacho, kingine utaleta mwisho wa mwezi. Watu wa hapa tunajuana."

"Mwisho wa mwezi," Chapuchapu alisema.

"Hata ikipita kidogo, tutaongea."

Pesa zilikuwa nje sasa, zimekunjwa, za moto kwa joto la mwili. Alizitazama. Jasho lilimtiririka mgongoni. Akauma ndani ya shavu mpaka akasikia ladha ya chumvi.

"Nitalala nacho kwanza," alisema.

Seremala alicheka. "Mama, hiki ni cha mtoto. Miguu itatokeza."

Na Chapuchapu naye, siku hiyo, katikati ya hayo yote, alicheka. Akazirudisha pesa ndani ya blauzi, akageuka, akaondoka. Alikuwa ameshinda vita ambavyo mumewe hakuviona, bintiye hatavisikia, na seremala alidhani ni mzaha.

Alipofika kwenye kona alilazimika kushika nguzo ya umeme. Na pale, ameshika nguzo, wazo likamjia, na lilikuja likiwa limenyooka.

Kitu kiko wapi?

Siku zote kulikuwa na kitu. Mashine ya mayai ilikuwepo, gitaa lilikuwepo, hata kile kifurushi alichokikataa kilikuwa na sufuria ndani yake. Yeye hajawahi kupoteza pesa zikaenda hivi hivi. Zake huacha mzigo, huacha boksi chini ya kitanda, huacha aibu yenye uzito na rangi. Kama alizitoa Jumatatu, mbona hakuna kitu?

Hakuwa yeye.

Furaha ilimpanda mpaka kooni. Ikasimama hapo hapo, kwa sababu wazo halikuishia pale. Laini ilikuwa katika droo moja tu duniani, dukani kwa Dada, na namba yake ya siri ilijulikana na watu wawili tu.

* * *

Dada yake alikuwa na duka la madaftari na fotokopi, karibu na shule. Yeye ndiye aliyemlea. Mama yao alipokuwa akihangaika na vibarua, Dada ndiye aliyemsuka nywele, akamfunza kushika sindano, akamfuata shuleni kumtetea alipochapwa kwa kusahau, tena na tena, vitu ambavyo watoto wengine hawasahau.

Alipomwona mdogo wake mlangoni, Dada hakuuliza amekuja kwa lipi. Alikuwa ameinamia mashine, anavuta karatasi iliyokwama. Akaiacha.

"Kaa," alisema.

"Simu yangu iko wapi?"

"Droo hiyo hiyo."

"Dada. Zile pesa nani kazitoa?"

Dada alinyoosha mkono akaizima mashine. Ilichukua muda kunyamaza, kwanza taa, halafu feni, na duka lilipokuwa kimya kabisa ndipo alipojibu.

"Mimi."

Chapuchapu alikaa juu ya boksi la karatasi.

"Ulidhani nani aliwalipa wale watu wako?" Dada aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. "Yule wa vyombo. Wa gitaa. Yule mwanamke aliyekuwa anakuja kukutukana mlangoni."

"Uliniambia wamesamehe. Ulisema umeongea nao."

"Mdogo wangu, unamjua mtu anayesamehe pesa kwa kuongeleshwa?"

"Nilikuamini."

"Ulikuwa umekonda umebaki macho. Hulali, huli. Ningekuambia nini?" Dada alikuwa akikunjakunja ile karatasi iliyokwama. "Nikaenda kwa mkopeshaji wa mtaa wa chini. Nikachukua kwake, nikawalipa wote. Nikasema, anayenidai sasa ni mmoja, mmoja nitammudu. Kumbe riba yake haijui kulala. Nalipa, inabaki pale pale. Nalipa, inabaki pale pale. Karatasi hizi zote ninazotoa humu, kutwa nzima nimesimama, nafanyia kazi riba."

Chapuchapu alikumbuka jinsi alivyokuwa akitembea siku hizi, kichwa juu. Alikuwa akiwaambia mafundi wenzake, "Mimi sidaiwi na mtu." Alikuwa akilala usingizi. Kumbe deni halikufa. Lilihama nyumba tu, likaenda kulala kwa dada yake.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungekwenda kukopa uje unilipe."

Hapo hakukuwa na la kubisha. Angekwenda, tena siku hiyo hiyo, tena mbio.

"Zile zilikuwa za mtoto, Dada."

"Najua."

"Alikuwa amefunga begi."

"Najua, jamani." Sasa Dada alikuwa analia, waziwazi, bila kujifuta. "Jumatatu ulipotoka hapa na gauni umeniletea bure, simu bado ina joto la mkono wako, yule mtu akaingia. Alinipa mpaka jioni. Nilimtumia zote, nikadhani zinamaliza. Akapiga hesabu, akaniambia hizi zimefuta riba ya nyuma tu."

"Mpaka jioni, la sivyo afanye nini? Ulimwekea nini rehani?"

Kabla Dada hajajibu, kivuli kikaziba mlango.

* * *

Mume hakuwa amekwenda kuvuta nyaya. Nguo zake zilikuwa safi, viatu vimejaa vumbi la kutembea.

"Shikamoo, shemeji," alimwambia Dada, lakini hakumtazama.

"Marahaba," Dada alinong'ona.

Akasogea mpaka kwenye boksi alilokalia mkewe, akachuchumaa ili macho yao yalingane. Uso wake ulikuwa tofauti na ule wa asubuhi. Ulikuwa laini, umechoka, na kama mwenzetu angekuwa na utulivu wa kuusoma, hadithi hii ingekwisha leo.

"Nina swali moja," alisema. "Nitaliuliza mara moja, na utakalolijibu ndilo. Zile pesa ulizichukua wewe?"

Chapuchapu alimtazama dada yake kwa juu ya bega la mumewe.

Dada alikuwa amesimama na karatasi iliyokunjwa kifuani. Nywele zake, zilizokuwa zikinukia mafuta wakati Chapuchapu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, zilikuwa na mvi nyingi kuliko alizozijua.

Na ile "atalala kituoni, awe nani awe nani" ikamrudia masikioni.

Basi kwa mara ya kwanza maishani, Chapuchapu hakuharakisha. Alikaa. Alifikiri. Alijiambia kwamba jina lake lilikwishachafuka, doa moja zaidi nani ataliona? Mumewe aliwahi kumsamehe mengi, atanuna, atasamehe na hili. Bali Dada alikuwa hajawahi kunyooshewa kidole na mtu, na angevunjika kama kijiti.

Alilipima jibu lake mbele, akalipima nyuma, kama anavyopima kitambaa cha ghali kabla ya kutia mkasi.

"Ndiyo," alisema. "Nilichukua mimi."

Mumewe hakusogea. "Ulinunua nini?"

"Vitu. Nilishavitupa."

"Umelifikiria jibu lako?"

"Nimelifikiria."

Alibaki amechuchumaa, akimtazama, na ulaini wote ule wa usoni ukamtoka taratibu, kama maji yanavyoachia mchanga.

"Nimetoka kwa karani sasa hivi," alisema. "Nilirudi. Kazini sikuweza kufika. Nilikaa pale nikamsumbua mpaka akaniangalizia pesa zilikwenda kwa nani. Zilikwenda kwa mkopeshaji wa mtaa wa chini, na mtaa mzima unajua anayelipa pale ni nani. Si wewe."

Nyuma yake Dada alitoa sauti ndogo.

"Nilikuwa nimeshakasirika nikamaliza," mume aliendelea. "Ni shemeji yangu, amenilishia mtoto wakati sina kitu. Kituoni sikuwa na nia ya kumpeleka tena. Nilikuja kukuomba msamaha. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, kwamba nilikuhukumu, kwamba mtoto alivyouliza vile nilipaswa kumjibu mimi. Nikasema nitamwuliza kwanza, ili aseme 'si mimi', ili nami nimwambie 'najua, mke wangu'. Nilitaka tu nikusikie ukijitetea, hata mara moja."

"Mume wangu."

"Gitaa sikuwahi kukuwekea moyoni. Wala mashine ya mayai. Daktari alisema hayo yanakutoka kabla hujayashika, na nikaelewa, nikawaambia na ndugu zangu waelewe." Aliinuka, magoti yakalia. "Lakini hili halikukutoka. Nimekuona. Umetulia, umefikiri, ukachagua. Siku uliyopata breki, umezitumia kunidanganya mimi."

Alitoa ufunguo wa chumba chao mfukoni, akauweka juu ya mashine ya fotokopi, juu ya kioo, pale zinapolazwa karatasi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama. Mtu lazima akamsaidie yule mtoto kufungua begi."

Alimuaga shemeji yake kwa adabu, akatoka. Kupitia mlango walimwona anavuka barabara, anasubiri lori lipite, anaendelea. Hakugeuka.

Chapuchapu alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Kwa nini hukusema?" alimwuliza dada yake. "Alikuwa amechuchumaa pale. Neno moja tu."

"Na wewe kwa nini umesema?" Dada alijibu, na sauti yake ilikuwa imepasuka katikati. "Nani alikutuma unibebee? Nimekubeba miaka yote hiyo bila kukuomba chochote."

"Ndiyo maana."

Walitazamana, ndugu wawili ambao kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake ili kumwokoa, na wote wawili walikuwa wamezama.

"Nitamkimbilia," Chapuchapu alisema.

"Subiri. Kuna jambo sijakuambia."

"Nimesikia ya kutosha leo."

Alikuwa amekwishafika mlangoni wakati simu ilipoita. Iliita ndani ya droo, ile simu yake, yenye laini yake, ambayo watu wachache mno walikuwa na namba yake. Dada aliruka aifikie kwanza. Chapuchapu alikuwa mwepesi zaidi.

Alikuwa mama yao mzazi, anayeishi peke yake katika nyumba walimozaliwa wote wawili, mwisho wa barabara ya lami.

"Mwanangu," mama alisema kwa sauti yake ile isiyo na wasiwasi, "nimempigia dada yako hapokei. Kuna wanaume hapa wana utepe wa kupimia, wanapima sebule. Wanamtaja dada yako kwa heshima sana, basi nikawakaribisha, nikawapikia chai. Wamekunywa. Sasa wananiuliza vyombo vyangu nitavitoa lini. Nimewaambia wasubiri, niwapigie wanangu niwaulize: mnanihamishia wapi?"